Wilaya Chini ya Mkoa Wake, Bila Msimbo Kujirudia

Tuseme unatengeneza ukurasa wa wilaya zote za Tanzania, kila moja chini ya mkoa wake.

1. Usiulize hifadhidata mkoa kwa mkoa. Mikoa ni 31. Ukivuta orodha yake kisha ukaulizia wilaya za kila mmoja, umetuma maswali 32 kwa ukurasa mmoja. Unganisha majedwali kwa JOIN, uulize mara moja.

2. Panga kwa ORDER BY, mkoa kwanza, wilaya baadaye. Usikimbilie GROUP BY: hiyo hukunja kundi zima likawa mstari mmoja. Inafaa kuhesabu wilaya, si kuziorodhesha.

3. Achana na kigeu cha "mkoa uliopita". Hapa ndipo uchafu unapozaliwa. Wengi hulinganisha kila mstari na uliotangulia. Mkoa ukibadilika, wanafunga jedwali na kufungua jingine. Kwa hiyo msimbo wa kufunga unaandikwa ndani ya kitanzi, kisha tena nje yake kwa ajili ya kundi la mwisho. Ukirekebisha mmoja ukausahau wa pili, ukurasa unaharibika chini kabisa, pasipotazamwa na mtu. Gawa data kwa makundi kwanza, ndipo uionyeshe: kitanzi cha nje mikoa, cha ndani wilaya. Basi.

4. Zana zipo. PHP ina PDO::FETCH_GROUP, ambayo hufanya safu ya kwanza kuwa ufunguo wa kundi. Laravel ina groupBy, Django ina regroup, na JavaScript ina Object.groupBy tangu kiwango cha 2024. Ila regroup, kama itertools.groupby ya Python, haipangi chochote: data ikija imechanganyika, Tanga itajitokeza mara kadhaa.

5. Kusanya kwa namba ya utambulisho, si kwa jina. Ukishuka hadi ngazi ya kata utaona umuhimu wake: Majengo ipo Moshi, na Dodoma pia ipo.

6. Kundi liwe na kiolezo kimoja, kiitwe na kila ukurasa unaokihitaji. Jedwali moja la HTML huruhusu tbody nyingi, kwa hiyo kila mkoa upe yake, na jina la mkoa liweke kwenye th yenye scope="rowgroup". Ukiiandika mara moja ndani ya kiolezo, kila ukurasa utamsaidia asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, kujua kwamba Lushoto iko Tanga.