SOMO: SEVA MBILI, ZAMU MOJA

Ndugu wafanyakazi, orodha ya mishahara ikikaa katika seva moja, seva ikizimika malipo husimama. Ndiyo maana huwekwa mbili: ya pili hunakili kazi ya kwanza, na ya kwanza ikinyamaza, hushika zamu.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Oktoba 2018, huko Marekani, mawasiliano ya seva za kampuni ya GitHub za mashariki yalikatika kwa sekunde 43 tu. Zile za magharibi zikashika zamu kabla ya kupata maandishi ya mwisho. Huduma iliyumba saa 24. Kwetu, maandishi hayo ndiyo ovataimu yetu.

Tudai basi: ya kwanza isimamishwe kabisa ndipo ya pili ianze, na zamu ijaribiwe kabla ya siku ya mshahara.