Kuupasha Msondo Moto Bila Kuuharibu

Ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa hewa. Ndiyo maana masika yakiingia, msondo uliokuwa ukilia vizuri Januari hutoa kishindo kizito kisichofika hata nyuma ya duara la wachezaji, na mpigaji akalaumiwa bure. Dawa ni moto, ila uwe moto wenye adabu.

Washa makuti makavu au nyasi mahali pasipo na upepo. Jiko la mkaa silipendi: joto lake hubaki mahali pamoja, likaunguza katikati ya ngozi kabla ukingo haujapata kitu. Ilaze ngoma ubavu, uso wake ukielekea moto, kisha weka kiganja chako sawa na ngozi. Kiganja kikishindwa kuvumilia, isogeze nyuma. Izungushe polepole bila kuiacha, hasa ukingoni kwenye vigingi, maana hapo ngozi imekunjwa na unyevu hukawia kutoka.

Huku ukiizungusha, igonge kwa ncha za vidole. Mwanzoni italia du, du, kama mlango wa mbao mbichi. Ngozi ikianza kukaza, sauti hupanda na mlio wa pembeni huachana na wa katikati. Iache ipande kidogo zaidi ya unavyotaka, kwa sababu ikipoa itashuka. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umechelewa. Ngozi iliyobabuka haiponi, hupasuka siku nyingine mkono ukiwa umekolea. Chapuo, ngoma ndogo, huhitaji kukazwa zaidi. Vumi usiikaze sana, kazi yake ni kunguruma. Usiuzime moto ngoma ikianza. Usiku ukiwa mrefu mtaurudia.

Kama joto halisaidii, tazama vigingi. Kilichochomoza kirudishe kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, ukipokezanisha na cha upande wa pili.

Ngozi ikichanika, hakuna kiraka. Loweka ngozi mpya ya mbuzi usiku kucha, uiwambe ikiwa mbichi. Tunasema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hapa tafuta mtu avutie upande wa pili kwa nguvu ileile, la sivyo sauti itakwenda upande. Ianike kivulini, si juani. Ikishakauka, itundike ngoma juu: sakafu ya saruji ina unyevu, na panya huanza kula pale pale ukingoni.