Maneno Matano kwa Siku: Tuwasaidie Watoto Wetu na Kiingereza cha Shule



Somo la mwezi huu ni kwa wazazi na kwa vijana wetu wanaosoma sekondari, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, hapa Kigali. Wengi wetu tumeliona jambo hili nyumbani: mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kule Kongo, hapa ananyamaza. Akili haikupotea njiani. Kule alisoma kwa Kifaransa, lakini Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Hata mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa tatu, masomo kama hesabu na biolojia huulizwa kwa Kiingereza. Mtoto anajua jibu, ila swali halielewi.

Tumkumbuke Danieli na wenzake. Walihamishwa hadi Babeli, wakawekwa miaka mitatu wajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo (Danieli 1:4-5). Walijifunza lugha ya ugenini, na imani yao hawakuiacha. Vijana wetu nao wana miaka mitatu. Tuitumie namna gani?

1. Tuanze na yale tunayoyajua. Kifaransa si mzigo wa kutupa. Maneno kama "nation", "population" na "respiration" huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili. Sauti tu ndiyo inabadilika. Na penye "-té" mara nyingi Kiingereza huweka "-ty": "densité" ni "density", "quantité" ni "quantity".

2. Tujihadhari na maneno yanayodanganya. "Library" ni maktaba, si duka la vitabu kama "librairie". "Actually" ni "kwa kweli", si "sasa hivi" kama "actuellement".

3. Tujifunze maneno kwa ukoo. Kiswahili kina lima, mkulima, kilimo. Kiingereza nacho kina "farm", "farmer", "farming". Sisi hubadilisha zaidi mwanzo wa neno. Wao mara nyingi hubadilisha mwisho. Anayejua shina moja amepata maneno matatu.

4. Maneno ya mtihani yatangulie. "Define" ni toa maana. "Explain" ni eleza sababu au namna. "Compare" ni linganisha. "List" ni orodhesha. "Describe" ni eleza jinsi kitu kilivyo. Haya hurudi katika kila somo, kwa hiyo asiyeyajua hupoteza alama kila mahali.

5. Maneno matano kila siku ya shule. Daftari ligawanywe sehemu tatu: neno, maana kwa Kiswahili, na sentensi ambayo mtoto ameitunga mwenyewe. Ayarudie kesho yake, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Maneno 25 kwa wiki, kwa wiki 30, ni maneno 750. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama au baba atasema, "Mimi Kiingereza sikijui, nitasaidiaje?" Mzazi mpendwa, shika daftari wewe. Soma upande wa Kiswahili, mtoto aseme neno la Kiingereza na kuliandika, kisha mlinganishe na daftari. Dakika kumi zinatosha, hata wakati maharage yako jikoni. Wenye Biblia za lugha zote mbili, someni fungu la Jumapili kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Maana mtoto ameshaipata, kwa hiyo maneno mapya hayatamtisha.

Nanyi vijana, msiogope kuchekwa mkikosea. Anayenyamaza ili asikosee hatajifunza kusema.

Ya kujadiliana nyumbani:
– Ni somo gani linamtesa mtoto wetu kwa sababu ya lugha tu?
– Nani atashika daftari, na saa ngapi?
– Ni maneno gani matano tutaanza nayo leo jioni?

Mungu awabariki katika masomo yenu. Amina.