Mzigo wa Mpagazi na Barua Mbili za Askofu



Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuanza somo kwa kitu ambacho mwanafunzi anakijua. Basi tuanze na jina. Nani kati yetu aliyevuka bahari kwenda Dar es Salaam asiijue Kariakoo? Lakini wachache hujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Ni maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaliyogeuzwa na ulimi wetu, maana yake Kikosi cha Wapagazi. Pale ndipo walipowekwa wapagazi katika Vita Kuu ya kwanza, 1914 hadi 1918.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi? Kwa sababu farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache, tena zilididimia wakati wa mvua. Kwa hiyo risasi, unga na dawa vilipita juu ya vichwa vya watu. Mzigo mmoja ulifika ratili 50 au 60. Mpagazi alivishwa kibati chenye namba shingoni. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula wasichokizoea au kisichoiva.

Mwaka 1916 wapagazi walitakiwa Unguja pia. Askofu wetu wakati ule alikuwa Frank Weston. Alifika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akafanywa Askofu. Dayosisi yake ilikuwa imekatwa na vita: Unguja ilikuwa chini ya Waingereza, na Magila na Masasi chini ya Wadachi, ambao waliwafunga mapadre na walimu wetu wengi. Askofu hakukubali watu wa Unguja waende vitani peke yao. Aliwaandikisha na kuwaongoza mwenyewe, akapewa cheo cha Meja, akatembea nao kwa miguu njia ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam.

Sasa tufike kwenye barua. Wapagazi wengi hawakujua kuandika, na hawakuacha barua za kueleza waliyoyaona. Askofu aliandika, na maandishi yake mawili yanatufaa kwa somo la leo.

La kwanza ni barua ya wazi aliyompelekea Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza katika nchi hizi mwaka 1916. Ilichapwa mwaka 1918 kwa jina la "The Black Slaves of Prussia", yaani watumwa weusi wa Prussia. Humo alieleza ukatili wa utawala wa Wadachi, akataka nchi hizi zisirudishwe mikononi mwao. Maneno hayo yaliwapendeza sana Waingereza. Nani asiyependa kusikia maovu ya adui yake?

La pili ni kijitabu cha mwaka 1920, "The Serfs of Great Britain", yaani watwana wa Uingereza. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, hata wanawake na watoto pale shamba lilipokuwa karibu. Chifu akihimizwa na Bwana Shauri, mtu wa kawaida atakataaje? Viongozi wengine wa makanisa Kenya waliona kulazimisha watu kungevumilika iwapo kungewekwa katika sheria na kwa kazi za serikali tu. Weston alikataa kabisa. Makelele ya watu mbalimbali yalifika London, na mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliagiza maofisa wasishiriki kuwatafutia wenye mashamba vibarua.

Sisi wa Mbweni tuyatazame vizuri majina ya maandishi hayo. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Misheni mwaka 1871, likawa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Neno mtumwa hapa kwetu halikuwa mfano wa kuhubiria. Lilikuwa habari ya bibi na babu. Askofu alijua uzito wake. Alipomwambia Mdachi, "Umewafanya watu watumwa," hakupoteza kitu. Alipowaambia ndugu zake Waingereza karibu maneno yale yale, ndipo tulipojua kuwa barua ya kwanza nayo ilikuwa ya kweli. Shahidi anayeona makosa ya jirani tu, na ya nyumbani kwake hayaoni, ni shahidi nusu.

Lakini tusiishie kumsifu Askofu. Yeye alikuwa na kalamu, na barua zake zilitunzwa. Ndiyo sababu tunamjua. Aliyekuwa nyuma yake na mzigo kichwani tunamjua kwa jina la soko. Je, ndani ya masanduku yetu hakuna barua, cheti, au kibati cha babu aliyekwenda vita ya kwanza au ya pili? Tusiwaachie mchwa. Tuvikaushe, tuvifunge katika karatasi safi, tuandike ni vya nani, na tuwaulize wazee walio hai kabla hawajatutoka.

Maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini barua ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuiandika kuliko ya kwanza?
2. Ni makosa gani tunayoyaona kwa wengine, na kwetu tunayaita desturi?
3. Ni nani katika jamaa yako aliyebeba mzigo wa vita? Liandike jina lake leo.