Yule Kijana wa Matendo 23 na Askari wa Jumuiya Yetu



Kijana mwenzangu, wiki hii naacha kidogo somo letu la fadhila, kwa sababu nikiwa likizo huku Madale niliulizwa swali nikalijibu vibaya.

Baada ya Misa ya kwanza kijana mmoja alinivuta pembeni, nyuma ya groto. Ni askari polisi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, na kituo chake sikitaji.) Akaniambia: "Frateri, kazini wenzangu wanabambikia watu kesi. Kuna dogo wa bodaboda kawekewa bangi mfukoni kwa sababu hakutoa hela. Huu mwezi wa pili yuko mahabusu. Mimi nilikuwepo. Nikisema nitajulikana, nisiposema nakomunika huku moyo unanisuta. Nikipeleka taarifa bila jina, si ndiyo kusengenya?"

Nami na digrii yangu ya falsafa nikajibu haraka haraka: Mathayo 18, kamwonye ndugu yako mkiwa wawili. Akacheka kidogo. "Yaani nimfuate sajenti nikamwambie tuongee wawili?" Nikakosa la kusema.

Usiku ule nilifungua Mtakatifu Thoma wa Akwino, Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 33, kifungu cha 7. Kumbe yeye alishaliona jambo hili. Anasema dhambi ya siri inayomdhuru mkosaji mwenyewe ndiyo tunayoanza kuionya faraghani. Lakini dhambi ya siri inayowaumiza wengine, mfano wake ni mtu anayepanga kuusaliti mji kwa adui, hiyo inapelekwa kwa mwenye mamlaka mara moja, isipokuwa una hakika kwamba kumwonya faraghani kutaizuia. Kesi ya kubambikiwa ni ya namna hiyo. Kila siku sajenti anayosubiriwa aguswe moyoni, dogo anailipa mahabusu.

Na kusengenya? Katekisimu, namba 2477, inasema kosa ni kufichua makosa ya mwenzako bila sababu ya haki. Mtu aliyefungwa bila hatia ni sababu, tena nzito. Walawi 5:1 inakwenda mbali zaidi: shahidi aliyeona akanyamaza anabeba uovu.

Sasa lile la jina. Hapa nakuomba usiende mbio, kwa maana Kanisa lenyewe limewahi kuumizwa na barua zisizo na jina. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinius, gavana wa Bithinia, alikuwa akipokea orodha za Wakristo zilizoandikwa na watu wasiojulikana. Kaizari Trajano, ambaye hakuwa rafiki yetu, alimjibu kwamba mashtaka ya namna hiyo yasipokelewe. Alikuwa na hoja. Barua isiyo na jina inaweza kuwa kisu cha mwenye chuki, na anayeumizwa hawezi hata kujua ajitetee dhidi ya nani.

Lakini soma Matendo 23, kuanzia mstari wa 12. Watu zaidi ya arobaini wamekula kiapo kumwua Paulo. Mtoto wa dada yake anasikia. Anakwenda ngomeni, na jemadari anamshika mkono, anamsogeza kando, anamsikiliza. Kisha anamwagiza asimwambie mtu yeyote kwamba ameleta habari hizo. Aisee, mara ngapi nimesoma sura hiyo bila kuona! Jemadari anamjua mleta taarifa, ila dunia haimjui. Mpaka leo hatujui jina lake. Paulo alitolewa mjini usiku uleule.

Kwa hiyo kujificha kwa wote na kulindwa na mmoja ni vitu viwili tofauti. Mwongozo wa Vatikano wa Julai 2020 kuhusu dhuluma dhidi ya watoto zinazofanywa na makleri unasema taarifa isiyo na jina isichukuliwe moja kwa moja kuwa ya uongo, ila ipimwe kwa tahadhari. Nautaja nikiwa na aibu fulani, maana sisi pia tulijifunza kwa kuchelewa.

Na kimya cha kazini si jambo la vitabuni tu. Msitu wa Pande hauko mbali na hapa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa humo baada ya kukamatwa na polisi. Taarifa iliyotolewa ilisema ni majambazi waliokufa katika mapambano ya risasi. Ndugu zao walikataa, Rais Kikwete akaunda tume ya Jaji Kipenka, na ile hadithi ya mapambano ikaanguka. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na kuthibitisha kuachiwa kwa wengine, akiwamo Abdallah Zombe. Mahakama zimeshahukumu, nami simhukumu mtu. Ninachojiuliza ni hiki: katika siku zile za kwanza, ni askari wangapi walioisikia ile hadithi redioni wakijua si kweli, wakazima redio wakalala?

Tangu 2015 tuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Grupu la WhatsApp si mamlaka. Kwa rushwa kuna TAKUKURU, namba 113, bure. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Nilipomwona tena askari wetu nilianza kwa kumwomba radhi kwa ile Mathayo 18. Nikamwambia aandike alichokiona kwa macho yake tu, tarehe na saa, asiongeze alichoambiwa. Nikamkumbusha pia kwamba mimi si padre, sina muhuri wa kitubio. Akitaka kuungama, aende kwa paroko. Akauliza, "Na wakinijua?" Nikamjibu ukweli: inawezekana. Sheria ipo, lakini mimi siye nitakayelala naye lindoni.

Jumapili iliyopita alikaa benchi la nyuma. Hakuniambia kama amepiga, nami sikumwuliza.