Simu ya Mamilioni: Kagua Yasiyosifiwa

Wiki ya kwanza kila simu ghali ni nzuri. Manung'uniko huja baadaye, na mara nyingi si ya kamera wala kasi, mambo ambayo muuzaji aliyapigia debe. Ni ya laini, betri na nafasi. Hayo yakague kabla hujatoa pesa.

Anza na laini. iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, la mwaka 2022, hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu yenyewe. Ukitumiwa moja na shemeji aliyeko Houston, au ukiikuta Kariakoo kwa bei iliyopoa kuliko wenzake, igeuzegeuze ubavuni. Usipoona kitundu cha pini cha kutolea laini, pita kwanza ofisi ya mtandao wako uulize kuhusu eSIM. Na kama umezoea kuchomoa laini na kuihamishia kwenye kitochi chaji ikiisha, hapo mchezo huo haupo tena.

Kwa iPhone iliyotumika, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya betri, utazame afya yake kwa asilimia. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa zibakiwe na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia 15 ni 1,000. Anayemaliza betri nzima kila siku hufikisha 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu. Ukikuta asilimia 100 kwenye simu ya miaka mitatu, usishangilie: uliza nani aliibadilisha betri, na aliweka ipi.

Nafasi nayo usiibanie. iPhone haipokei memori kadi, na Galaxy S zimeacha tangu S21 ya mwaka 2021. Magrupu ya harusi peke yake yanajaza GB 128, kwa hiyo ni afadhali toleo la mwaka jana lenye GB 256 kuliko jipya lenye 128.

Ukichukua toleo la nyuma, angalia pia masasisho yaliyobaki. Galaxy S24 na Pixel 8 zimeahidiwa masasisho ya miaka saba, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka, si siku uliyoinunua wewe.

Mwisho, muulize fundi bei ya kioo halisi cha simu hiyo. Kama huwezi kuilipa bila kukopa, shuka daraja moja.