Mhudumu wa Afya Anapohamishwa: Mshahara, Posho na Pango la Nyumba

Muuguzi anayehamishwa kutoka Kibaha kwenda Kisarawe hubaki ndani ya Mkoa wa Pwani, lakini hukabiliwa na gharama mpya: nauli, usafirishaji wa mizigo, na pango ambalo wenye nyumba wengi hulitaka la miezi 6 kwa mkupuo. Kabla hujalipa pango hilo, tunakushauri ufahamu kwanza fedha unazozitegemea ni za aina gani.

Mshahara ni malipo ya kazi yenyewe. Posho hutolewa kwa sababu maalumu. Sababu hiyo ikiisha, posho nayo hukoma.

Kwa mtumishi wa umma

Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, anayehamishwa na mwajiri hustahili posho ya kujikimu ya siku 14, gharama za kusafirisha familia na mizigo, na posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Mathalani, mwenye mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi hupata shilingi 8,400,000 kwa mwaka. Posho yake ya usumbufu ni shilingi 840,000.

Aliyeomba kuhama mwenyewe hujigharamia. Kwa hiyo, isome barua ya uhamisho kwa makini, wala usisaini maombi ya kuhama ambayo hukuyakusudia.

Kwa mfanyakazi wa hospitali binafsi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwamo mahali pa kazi na malipo. Ukiahidiwa nyumba, hakikisha maandishi yanajibu maswali haya:

1. Nani atalipa pango, na kwa muda gani?
2. Je, pango litakatwa katika mshahara?
3. Mkataba wa kazi ukivunjika, utapewa muda gani wa kuhama?

Kumbuka pia kwamba posho ya nyumba inayolipwa taslimu na mwajiri binafsi hutozwa kodi ya mapato pamoja na mshahara. Ya mtumishi wa serikali haitozwi.

Ukinyimwa haki

Mfanyakazi wa sekta binafsi anayedai malipo hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma huanza kwa mwajiri wake, kisha Tume ya Utumishi wa Umma. Tunza barua, hati za malipo na stakabadhi zote: dai lisilo na maandishi ni gumu kulithibitisha.